Maduka ya dola moja Marekani: bado yana nafuu, au tunajifariji tu?

Kibubu (Columbus, Ohio)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa gharama za maisha nimeona wageni wanaotua Marekani wakipewa ushauri uleule wa miaka yote: "Wewe nenda Dollar Tree, kila kitu dola moja, utaishi." Zamani kidogo ushauri huo ulikuwa na mashiko. Leo nataka tuupekue, kwa sababu kuna watu wanaacha hela nyingi mle ndani huku wanatoka wakichekelea.

Kwanza tusiyachanganye. Dollar Tree ilianzia Virginia mwaka 1986 kwa jina la Only $1.00, na kwa zaidi ya miaka 30 bei ilikuwa hiyohiyo moja. Mwishoni mwa 2021 wakapandisha hadi dola 1.25. Siku hizi kuna rafu za dola 3, za 5, na nyingine hadi 7. Dollar General ni kitu kingine kabisa. Asili yake ni Scottsville, Kentucky, mwaka 1939, na duka la kwanza lenye jina hilo lilifunguliwa 1955 mjini Springfield, jimbo hilohilo. Leo ina matawi zaidi ya 20,000, mengi yako kwenye vimji vidogo, na si ya bei moja: mle utakuta kitu cha dola 1 na cha dola 25. Family Dollar nayo ni hivyohivyo. Ukiingia Dollar General ukidhani kila kitu ni dola, mashine ya malipo itakuamsha.

Sasa hoja yangu. Watu wengi wanalalamikia ile robo dola iliyoongezeka. Mimi naona hiyo ndiyo ndogo. Kinachokula hela ni ujazo. Chukua maziwa: pakiti ya aunsi 16 kwa dola 1.25. Galoni moja ni aunsi 128, yaani pakiti nane. Nane mara 1.25 ni dola 10 kwa galoni! Kwenye supamaketi kama Aldi au Walmart galoni hiyo unaipata kwa dola tatu na kitu, nne ikizidi sana. Fanya hesabu hiyohiyo kwa sukari, mafuta ya kupikia, sabuni ya unga, mifuko ya taka, karatasi za chooni. Kuna kampuni zinafungasha ujazo maalumu kwa ajili ya maduka haya, kwa hiyo chapa unayoiamini ipo, rangi ya boksi ileile, ila ndani kimepungua.

Hii ni biashara ya mafuta ya kupima, basi. Mangi wa mtaani anakupimia robo kikombe na wewe unafurahi umetoa mia tano tu, lakini ukijumlisha mwezi mzima umenunua dumu kwa bei ya dumu na nusu. Tofauti ni kwamba huku wameiwekea kiyoyozi na taa.

Si kwamba nasema msiende. Mimi naenda. Ila naingia kwa vitu ambavyo havina ujazo wa kuibia. Kadi ya harusi ni kadi ya harusi. Mfuko wa zawadi ambao supamaketi ni dola 5, pale ni 1.25. Sahani na bilauri za glasi, maputo ya sherehe, vibao vya kukatia mboga, vikapu vya plastiki vya kupangia kabati, miwani ya kusomea kwa waliovuka 40. Hata kipimo cha mimba, wakuu, msicheke: kinadhibitiwa na FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) kama vile vya bei mbaya kule duka la dawa, na kinasoma homoni ileile. Kwenye hivyo hakuna wa kuwashinda.

Kinacholiwa, kinachomiminwa na kinachopimwa kwa uzito, soma kwanza kibandiko cha rafu. Majimbo machache tu ndiyo yanalazimisha duka kuandika bei kwa kila aunsi. Kwingine kokote kikokotoo cha simu kinakuhusu.

Karibuni, mnipinge.

Mtoto wa Ilala

Nimeweka kambi hapa. Hiyo ya kipimo cha mimba naomba tusiiache ipite hivihivi 😂

Mama Wawili (Houston)

Kibubu kaka yangu, hesabu yako ni nzuri sana kwa mwenye gari na friji lake mwenyewe.

Nilipofika hapa nilikuwa napanga chumba, friji tunashirikiana watu wanne na kila mtu ana kadroo kake. Galoni ya maziwa naiweka wapi? Na Houston bila gari unaijua au unaisikia? Basi linapita kwa kudura, jua la Agosti linakuchoma utosi, Uber kwenda Walmart na kurudi ni zaidi ya dola 20. Dollar Tree ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikitoka kazini usiku napita, nachukua pakiti ya maziwa, mkate, mayai nusu trei, nalala. Mkisema "bei kwa aunsi" mnasahau kwamba aunsi hazijibebi zenyewe kuja nyumbani.

Halafu mshahara unaingia kila baada ya wiki mbili. Ukibakiwa na dola 9 hadi Ijumaa, huendi kununua mfuko wa mchele wa ratili 20 eti kwa sababu kwa ratili ni rahisi. Unanunua cha dola 1.25 ambacho kinaingia kwenye dola 9.

Kibubu (Columbus, Ohio)

Dada, hilo la friji sina la kujibu, umenikamata. La nauli nina neno.

Nauli hulipi kwa galoni, unalipa kwa kapu zima. Ukitoa dola 20 za Uber kwa ajili ya maziwa peke yake, umeliwa. Ukienda mara moja kwa mshahara mmoja ukachukua mchele, unga, mafuta, sabuni, kuku wa kugandisha na dawa ya meno, tofauti ya bei inailipa ile nauli na chenji inabaki. Kwa hiyo kinachomkwamisha mtu si umbali, ni ule mkupuo: lazima siku moja uwe na kama dola 100 mkononi kwa wakati mmoja. Maduka haya yanajua hunazo. Wanachokuuzia ni nafasi ya kutoa kidogo leo, na nafasi hiyo ina bei yake.

Mama Wawili (Houston)

Na huyo mwenye 100 siku moja akiwa ametoka kulipa kodi ya nyumba, nitajie ni nani humu.

Mtoto wa Ilala

Uzi umenoga. Naleta karanga.

Fundi Saa

Wakuu, mimi niko Minneapolis, kazi yangu vitu vya umeme. Naongezea kwenye betri, maana hapo ndipo watu wanapigwa bila kujijua.

Pakiti ya betri za AA mle utakuta imeandikwa "Heavy Duty" kwa herufi kubwa. Jina hilo linatisha, lakini mara nyingi ni betri za zinki na kaboni, teknolojia ya zamani. Za alkalaini zinabeba chaji mara mbili, mara tatu yake na zaidi, hasa kwenye kifaa kinachovuta umeme mwingi. Ukiweka zile za zinki kwenye mwanasesere wa mtoto au tochi yenye nguvu, zinakufa kabla mtoto hajachoka kuchezea. Halafu zikikaa zimeisha ndani ya kifaa zinavuja na kula vyuma.

Ila saa ya ukutani na rimoti ya TV hazili umeme. Humo weka za zinki, zitakaa miezi na miezi, hakuna haja ya kutoa hela ya alkalaini. Nyaya za kuchajia simu kule mimi sinunui. Waya wake ni mwembamba, simu inachaji kwa kusuasua. Bisibisi sawa kama ni za kufungulia kifuniko cha betri, za kazi hapana.

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo (Dar)

Mmetupeleka Marekani, mimi niwarudishe Kariakoo kidogo kwa sababu biashara ya bei moja naifanya.

Mkiona meza ya "kila kitu buku", msidhani vyote nimevinunua bei moja. Naingia kwa wa jumla nachukua mchanganyiko. Kile chujio kizuri cha chai kimenifikia mia nane, faida mia mbili, na hapo sijatoa ushuru na kijana wa kuuza. Kile kishikizo cha nywele kinachong'aa kimenifikia mia mbili hamsini. Wewe ukija ukachukua chujio umepata, ukichukua kishikizo nimepata mimi. Chujio nakiweka mbele ili usimame. Na niwaambie ukweli, wengi wanasimama kwa chujio na wanaondoka na vishikizo vitatu.

Kwa hiyo swali la Kibubu, kama maduka hayo yana nafuu au hayana, kwa sisi wa upande wa pili wa meza halina jibu moja. Duka moja, siku moja, mteja huyu kanila, yule nimemla.

Kupanda kwa 1.25 hata hivyo namwelewa huyo tajiri. Bei moja ni shingo ngumu. Mzigo ukipanda, sisi wa bei ya kutaja tunaongeza mia mia. Wa bei moja hana pa kujificha: ama apunguze ubora, ama apunguze saizi, ama siku moja aamke abadilishe kibao. Pale Kariakoo meza za jero (mia tano) zilikuwa nyingi, sasa zihesabu mwenyewe.

Kibubu (Columbus, Ohio)

Mchuuzi, hiyo ya chujio na kishikizo ndiyo elimu niliyokuwa naitafuta. Hata huku chakula na vinywaji wanapata faida nyembamba, mapambo na vitu vya sikukuu ndiko wanakopumulia. Lakini kuna kitu cha ajabu: hayo mapambo yanayowapa wao faida nono, bado ni nafuu kwangu mimi, kwa sababu maduka mengine wanauza kwa faida nono zaidi. Kumbe wote tunaweza kupata kwenye kitu kimoja, na kwenye maziwa akaliwa mnunuzi.

Thika Road Wetu (Nairobi)

Mchuuzi ameniamshia stori. Mnaikumbuka China Square, lile duka la Mchina? Ilifunguliwa Januari 2023 pale kwenye jumba la maduka la Unicity, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watu walijaa hadi kulipa ni foleni ya kuzunguka duka. Kitu cha thao moja (elfu moja) mjini, pale unakipata kwa soo nne, soo tano (mia nne, mia tano). Mwisho wa Februari waziri wa biashara wa wakati huo Moses Kuria akapendekeza lile duka lichukuliwe na Wakenya, duka likafungwa kidogo, wafanyabiashara wa masoko ya Nyamakima na Kamukunji wakaandamana, kisha likafunguliwa tena.

Sisi wanunuzi tulichojifunza ni kwamba kati ya kiwanda na mteja kulikuwa na mabroka wengi, kila mmoja anakata chake. Huyo Mchina aliwaruka. Kwa hiyo nafuu ilikuwa ya kweli, si saizi kupunguzwa. Ila siku hizi ukienda lazima ulinganishe, kuna vitu Kamukunji bado iko chini, hasa sufuria, na pale unaweza kubargain.

Bukavu–Louisville

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Bukavu, niko Louisville, Kentucky, huko huko Dollar General ilikozaliwa. Toka mjini kidogo, utaona: kila njia panda kuna Dollar General ya njano, na hakuna duka lingine mpaka umalize petroli. Wenyewe kampuni wanasema matawi yao karibu 80% yako kwenye miji ya watu 20,000 au chini. Kule si swali la nafuu, ni duka ambalo lipo. Matawi mengi hayana nyanya, hayana mchicha, hayana nyama mbichi. Utakula vya kopo. Kuna miji imeanza kuwawekea mipaka. Tulsa, Oklahoma walipitisha sheria 2018 ya kuzuia maduka ya namna hii kubanana upande wa kaskazini wa mji, ili maduka ya vyakula freshi yapate nafasi.

Mama Wawili ana haki kuhusu ile dola 100. Sisi kanisani tulifanya hivi: familia nne, mwenye kadi ya Costco (duka la jumla la wanachama) ni mmoja, kadi yenyewe ni dola 65 kwa mwaka tunachangia. Mwenye gari anaenda, analeta mchele, mafuta, maharage, sabuni, kuku. Tunagawa kwenye baraza, kila mtu na ndoo yake. Dola 100 inakuwa 25 kwa kila nyumba. Ugomvi ulitokea mara moja tu, kwa ajili ya mapaja ya kuku.

Mama Wawili (Houston)

Huo ndio ushauri wa mtu aliyepitia. Bukavu ubarikiwe. Mapaja nayaelewa kabisa, hata mimi ningegomba.

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Mnaongelea bei tu, usafi je? Family Dollar walikuwa na ghala West Memphis, Arkansas. Mapema 2022 wakaguzi wa FDA wakakuta panya, hai na waliokufa, kinyesi chao, na bidhaa zilizotafunwa. Baada ya kupuliza dawa waliokota panya zaidi ya 1,200. Maduka 404 katika majimbo sita yakafungwa kwa muda. Februari 2024 kampuni ilikiri kosa mahakamani na adhabu yake ikawa dola milioni 41.675, adhabu ya jinai kubwa kuliko zote Marekani kwenye kesi ya usalama wa chakula. Lile ghala lilikuwa linapeleka chakula, dawa na vipodozi kwenye mitaa ya maskini. Mimi chakula cha kule sili.

Kibubu (Columbus, Ohio)

Mjumbe, hilo ni kweli na liko kwenye rekodi za wizara ya sheria. Lilikuwa ghala moja, lakini lilihudumia mamia ya maduka, na hapo ndipo linapouma.

Niongeze lingine la huku kwetu. Mwanasheria mkuu wa Ohio aliishtaki Dollar General Novemba 2022 kwa sababu bei ya rafuni na ya mashine hazikuwa zinaongea lugha moja. Kanuni ya jimbo inavumilia makosa ya asilimia 2. Wakaguzi wa kaunti ya Butler walikuta matawi yaliyovuka hapo kwa mbali sana. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1, sehemu kubwa ikaenda kwenye benki za chakula. Wisconsin nako walitozwa faini ya aina hiyohiyo.

Mwenyewe imenikuta kwenye duka moja la bei chee, jina nalihifadhi. Rafuni dola 3.50, mashine 4.25. Kijana wa kaunta alikuwa peke yake duka zima, anapanga mzigo, anapokea hela, anajibu simu. Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Vibandiko vya bei vinachelewa kubadilishwa kwa sababu wafanyakazi hawatoshi, na wafanyakazi hawatoshi kwa sababu ndiyo namna ya kuifanya bei iwe chini. Ila haki yangu niliidai: nilipiga picha kibandiko, nikamwonyesha, akarekebisha. Fanyeni hivyo. Kwa heshima, lakini fanyeni.

Fundi Saa

Kweli tupu. Na risiti isomwe kabla ya kutoka mlangoni, si nyumbani.

Mpitaji

Swali la haraka kwa mwenye uzi: kama nafuu haipo, mbona yanafungwa? Si ingekuwa yanatajirika? 99 Cents Only pale California wamefunga yote.

Kibubu (Columbus, Ohio)

Mpitaji, walitangaza Aprili 2024, maduka 371, California, Arizona, Nevada na Texas. Na wale nilikuwa nawasikia sifa kwa mboga na matunda, kitu ambacho wenzao hawana. Walitaja mfumuko wa bei, wizi madukani na mazingira ya biashara baada ya korona. Mimi naona maneno ya Mchuuzi yanatosha: jina lako likiwa ndiyo bei yako, mzigo ukipanda huna pa kutokea.

Family Dollar nayo ilinunuliwa na Dollar Tree mwaka 2015 kwa zaidi ya dola bilioni 8, ikauzwa 2025 kwa kama bilioni 1. Kabla ya hapo walishatangaza kufunga karibu maduka 1,000. Mteja mwenye kipato kidogo akibanwa anapunguza hata vile vya dola, na mwenye kipato cha kati anayeanza kuingia mle anakuja kwa kadi na maputo, si kwa maziwa.

Kama mtu ananiuliza aende wapi kwa chakula, jibu langu ni Aldi, kama ipo karibu. Wako Marekani tangu 1976, karibu kila kitu ni chapa yao wenyewe, toroli unaweka sarafu ya robo dola na unairudisha mwenyewe ndipo upewe robo yako, mifuko uje nayo. Wanabana kwenye huduma, hawabani kwenye ujazo. Na kwa mchele, dengu na viungo, duka la Wahindi. Hapo hakuna mjadala.

Mama Wawili (Houston)

Hapo kwa Wahindi tumekubaliana, hatimaye. Iliki ya supamaketi kile kichupa kidogo ni wizi wa mchana.

Mtoto wa Ilala

Wakuu nimesoma vyote. Shangazi yuko Maryland, anatuma pipa la mizigo mwezi ujao, kasema tumwandikie vitu vya hayo maduka ya dola. Niandike nini?

Kibubu (Columbus, Ohio)

Miwani ya kusomea, nyingi uwezavyo. Taja namba: +1.50, +2.00, +2.50. Wazee mtaa mzima watakushukuru. Madaftari na kalamu za rangi msimu wa shule ukikaribia. Kadi. Vitambaa vya meza vya sherehe.

Fundi Saa

Betri msimwambie aweke. Zinaweza kuvuja pipa likiwa bado baharini.

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo (Dar)

Na vishikizo vya nywele asilete, viko hapa kwangu.